Mtumbwi wa Zege Kutoka Dodoma Hadi Luchelele

Jumatatu: Dodoma – Nzega

Fuso limeondoka Dodoma saa kumi na moja alfajiri. Nyuma umelazwa mtumbwi wetu, mita 5.5 kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, juu ya magunia ya pumba za mpunga na magodoro ya hosteli. Kuta zake zina unene wa milimita 15. Ndani ya unene huo mna matabaka mawili ya waya wa kuku na zege tulilolichanganya wenyewe kwenye karakana ya chuo: wanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi, wasichana watano na wavulana saba. Tunakwenda Luchelele, kando ya Ziwa Victoria huko Mwanza, kushindana na vyuo vingine viwili.

Nimeomba kukaa nyuma na mtumbwi, maana nataka kuona kila tuta linaufanyia nini. Zege ni hodari likibanwa, dhaifu likivutwa. Gari likiruka, ukuta wa mtumbwi unapinda kidogo: uso mmoja unabanwa, wa pili unavutwa, na ufa huanzia kwenye huo unaovutwa. Waya tumeuweka ili ufa ukizaliwa usitembee. Dereva tulimwomba asizidi kilomita 60 kwa saa, naye ametusikiliza, ingawa kila basi la kwenda kanda ya ziwa limetupita likipiga honi.

Manyoni hatukusimama. Singida tumekula wali kuku na kuyamwagia maji magunia tuliyoufunikia. Wapita njia walidhani tumebeba samaki. Kwa kweli tunalinda saruji. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka, inakuwa ngumu kwa kunywa maji na kuyafanya sehemu ya jiwe lake. Ikinyimwa maji mapema, kazi inakatikia njiani, na upepo wa Dodoma hauna huruma kwa hilo. Siku 28 za kwanza tuliulinda mtumbwi kwa zamu, usiku na mchana, gunia likikauka mtu anaamshwa. Siku hizo zimekwisha kitambo, lakini kwenye kuta nyembamba hivi sioni sababu ya kuacha jua na upepo wa barabarani uzikaushe ghafla.

Mteremko wa Sekenke tumeushuka kwa gia ndogo, nimeshika kamba kwa mikono miwili. Tumelala Nzega.

Jumanne: Nzega – Luchelele

Tinde, Shinyanga, Misungwi. Mashamba ya pamba yameshavunwa. Usagara, pale barabara ya Geita inapoungana na hii yetu, mwenzetu aliyezaliwa Sengerema aliamka usingizini akasema tumefika nyumbani. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuliona ziwa. Mazoezi ya kupiga kafi tuliyafanyia bwawa la Hombolo, kwenye mtumbwi wa mbao wa kuazima. Tulipokata kona kutoka Nyegezi kwenda Malimbe, na yale mawe makubwa ya Mwanza yakatokea yamepandana juu ya vilima, na nyuma yake maji yasiyo na ng'ambo, kelele ndani ya gari zilikoma.

Mwaloni Luchelele, pale boti za wavuvi zinapofikia, tuliushusha watu kumi. Kwenye mizani ya mnunuzi wa mazao mtumbwi ulionyesha kilo 138.

Kisha ikaja kazi niliyoisubiri tangu jana, kuusikiliza. Unachukua sarafu ya shilingi 200, unagonga ukuta taratibu, kidole kwa kidole, omo mpaka tezi. Zege lililoshikana vizuri linajibu kwa mlio mkali na mfupi. Pale ambapo tabaka la juu limeachana na la chini, mlio unazama, unakuwa butu, na sikio likishaujua haulikosi. Tulikwenda wawili, mmoja anagonga na mwingine ana chaki, wenzetu wote kimya. Upande wa kushoto, karibu na tezi, mlio ukabadilika. Tuligonga kuzunguka hapo mpaka chaki ikachora umbo la kiganja cha mkono. Ndani yake palikuwa pameachana.

Hatukusubiri kesho. Tulipakwangua mpaka kwenye waya, tukapalowesha, tukasukumia ndani uji wa saruji kwa vidole, kisha plasta na gunia bichi juu. Saruji ya kawaida hufikia zaidi ya nusu ya nguvu zake katika wiki ya kwanza. Sisi tuna siku tatu tu na nusu, ila hili ni joto la Mwanza, na kiraka hakibebi mzigo peke yake.

Jumatano: Luchelele

Hatua chache kutoka tulipoweka hema kuna fundi mitumbwi, mzee wa makamo, anayeunda boti za wavuvi wa dagaa. Asubuhi alitukuta tunabadilisha magunia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Mwangaluka.”

Baada ya salamu hiyo ya Kisukuma aliuzunguka mtumbwi kimya. Akainama, akaupiga kwa kifundo cha kidole, akapitisha kiganja kwenye mkuku, uti wa chini wa chombo.

“Hiki mmekisuka au mmekimimina?”

Ni swali zuri kuliko yote tuliyoulizwa tangu tuanze, na jibu ni vyote viwili. Tulichonga kalibu ya mbao yenye umbo la mtumbwi uliofudikizwa, tukapaka zege kwa mwiko, tukalaza waya, tukapaka tena, waya wa pili, tukapaka la mwisho, yote siku moja bila kupumzika ili tabaka moja lisiwe gumu kabla ya jingine. Zege lenyewe halina kokoto wala mchanga wa mto. Badala yake tumetumia mawe mepesi ya volkano kutoka Mbeya, yale yanayoelea ukiyatupa majini, tukayasaga na kuyachekecha. Sehemu ya saruji tuliitoa tukaweka majivu ya pumba za mpunga. Majivu hayo yana silika nyingi, kitu kilekile kinachounda mchanga, na pumba zikichomwa kwa moto usiopita nyuzi 700 hivi, silika hiyo inabaki hai na kushikamana na chokaa inayoachwa na saruji. Moto ukizidi, inageuka fuwele na haifanyi kazi hiyo tena. Zege la kawaida lina kilo 2,400 kwa mita moja ya ujazo. Letu lina 1,350.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatuonyesha boti aliyokuwa akiiziba: anasokota pamba, anaisindilia kwenye maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, kalafati mbao kwa mbao. “Mbao inanyumbuka,” alisema. “Wimbi likija inaitikia. Chenu kinaitikia?”

Kinaitikia kidogo sana. Ila hakina maungio ya kuziba.

Alidhani ni jambo la juzi, nikamweleza. Mfaransa Joseph-Louis Lambot aliunda mashua ya saruji juu ya wavu wa chuma mwaka 1848 huko kusini mwa Ufaransa, na mwaka 1855 akaionyesha kwenye maonyesho makubwa ya Paris. Chuma kilipoadimika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Mnorwe Nicolay Fougner aliunda meli ya zege yenye injini yake, Namsenfjord, ikaingia baharini mwaka 1917. Mashindano ya wanafunzi yana mzizi wake Marekani, Chuo Kikuu cha Illinois, ambako Profesa Clyde Kesler aliwapa darasa lake kazi ya kuunda mtumbwi wa zege. Mei 1971 wakashindana na wenzao wa Purdue. Mwaka 1988 mashindano yakawa ya taifa zima chini ya chama cha wahandisi wa ujenzi wa nchi hiyo. Ujerumani na Uholanzi nako wanafunzi wanashindana. Kule Marekani, kwa miaka mingi mbio zenyewe zilibeba robo tu ya alama. Zilizobaki zilikwenda kwenye ripoti ya usanifu, maelezo mbele ya majaji, na ubora wa mtumbwi unapokaguliwa nchi kavu. Naupenda mgawanyo huo. Anayeshinda kwa mikono peke yake hajaonyesha kwamba anajua zege.

Nilimpigia mzee hesabu kwenye mchanga. Mtumbwi kilo 138, wapigakafi wawili kilo 130 hivi, jumla 268. Utazama mpaka usukume kando lita 268 za maji, basi, na kwa upana wake hiyo ni sentimita kama 13 tu za kina.

“Sawa,” alisema. “Na kikijaa maji?”

Alhamisi: Igoma

Majaji wamesogeza ukaguzi hadi kesho. Mwenzetu wa Sengerema aliomba twende naye Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba. Shangazi yake alikuwa kwenye meli ile.

Ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, karibu kabisa na Mwanza, na zaidi ya watu 800 walikufa. Ilikuwa imepinduka huku sehemu ya chini ikiwa bado juu ya maji, na ndani mlikuwa na watu hai wakigonga. Waokoaji walipotoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiishikilia ilipata njia, meli ikaenda chini. Kila mtu wa kanda ya ziwa anaijua habari hii. Mimi niliisikia nikiwa mtoto, ila leo, nimesimama pale na hesabu za jana kichwani, nimeielewa kwa namna nyingine. Hewa iliyofungiwa ndani ya chombo inakubeba mpaka pale inapopata tundu.

Mwenzetu alikaa muda mrefu. Tulimsubiri kwenye lango.

Ijumaa: Kuzamishwa

Sheria ninayoiheshimu kuliko zote katika mashindano haya inasema hivi: mtumbwi utajazwa maji pomoni, utasukumwa chini, na ukiachiwa lazima urudi juu wenyewe. Usiporudi, haushindani. Kule Marekani ndiyo sheria, na waandaaji wa hapa wameichukua ilivyo.

Hesabu yake inawatisha wageni. Zege na waya wetu vinachukua nafasi ya lita 96. Vikiwa chini ya maji vinabebwa kwa kilo 96, navyo vina uzito wa kilo 138. Kilo 42 zinakosa wa kuzibeba. Kwa hiyo omo na tezi tumezijaza povu jeupe, lile linalofungashiwa televisheni na majokofu, lita 70 kwa jumla, tukalifunika kwa zege jembamba. Inabaki akiba ya kilo 28 hivi. Kwa zege la kawaida mtumbwi huuhuu ungekuwa na kilo 230, na lita 70 zingeziba nusu hivi tu ya pengo.

Tulianza sisi. Ndoo baada ya ndoo, maji yakafika ukingoni, ukingo ukaingia chini, mkaguzi akaweka viganja viwili na kusukuma. Mtumbwi ukawa kivuli cha kijivu chini ya maji ya kijani. Akaachia. Omo ilitoka kwanza, polepole, tezi ikafuata, na ukatulia ukiwa umejaa tele, kingo zake vidole viwili juu ya maji. Wasichana wetu wawili waliushika ubavuni, wakaning'inia, haukwenda chini.

Timu ya pili ilikuwa imeweka madumu manne ya lita 20 badala ya povu. Kihesabu walikuwa sawa na zaidi. Mtumbwi wao uliposukumwa, mapovu yalianza kutoka mahali pamoja, kwenye tezi, mfululizo mwembamba. Kifuniko cha dumu kimoja hakikuwa kimekaza. Omo ilinyanyuka, tezi ikabaki chini, na wote waliosimama pale waliendelea kuyatazama yale mapovu. Sisi tuliotoka Igoma hatukuhitaji kuambiana kitu.

Mkaguzi, mhadhiri mstaafu, aliwazuia wasishindane. Mmoja wao alilalamika kwamba hapa maji yanafika kiunoni tu. Jibu lake lilikuwa fupi: “Kijana, ziwa halianzi wala haliishii hapa.” Nakubaliana naye moja kwa moja. Jioni tuliwapa povu letu la akiba, tukakesha nao tukilikata na kulipakia, na alfajiri mtumbwi wao ukazamishwa tena, ukarudi.

Jumamosi: Mbio

Wavuvi walishauri mbio zianze saa moja na nusu asubuhi na ziishe kabla ya saa nne. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo hugeuka na kutoka ziwani, wimbi linainuka. Pia walituonyesha pa kuingilia majini, kwenye mchanga mtupu, mbali na matete na magugu maji. Konokono wa kichocho hukaa kwenye majani ya maji yaliyotulia, na sisi wa bara hatukuwa tunalijua hilo vya kutosha. Kila mmoja alivaa jaketi la kuokolea, na boti ya injini ilikaa katikati ya njia muda wote.

Njia ni mita 200, mita 100 kwenda, kuzunguka boya, kurudi. Mtumbwi wa zege unaondoka kwa uzito. Kafi tano za kwanza unahisi kama umefungwa gati. Ukishashika mwendo haupotezi upesi, unakata wimbi dogo bila kutikisika. Kazi yote iko kwenye boya. Aliye omo anachomeka kafi mbali ubavuni na kuvuta maji kuelekea kwake, aliye tezi anapiga kafi pana kwa upande wa pili, na wote wawili lazima waanze kabla boya halijafika, maana kilo 138 hazigeuki kwa kuamriwa papo hapo. Wavulana wetu walichelewa kugeuka, wakapita mbali, wakamaliza wa tatu. Wasichana waligeuka vizuri kuliko timu zote na kumaliza wa pili, nyuma kwa urefu wa mtumbwi mmoja. Kiraka cha Jumanne hakikupitisha tone.

Baada ya mbio rasmi vijana wawili wa Luchelele waliuomba mtumbwi wetu. Hawajawahi kusikia habari za zege majini, ila wamezaliwa na kafi mkononi. Walikaa, wakaupima kwa kuuyumbisha kidogo kushoto na kulia, wakaondoka. Walirudi kwa muda mfupi kuliko wa timu yoyote ya siku ile. Tuliwapigia makofi mpaka viganja vikauma, maana hapo ndipo tulipojua mtumbwi wenyewe unaweza nini.

Kwenye maelezo mbele ya majaji tulikuwa wa kwanza. Majivu ya pumba yaliulizwa maswali mengi.

Jumapili: Kigongo

Waandaaji walitupeleka kuliona daraja la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025. Kilomita tatu za zege juu ya Ghuba ya Mwanza, pale ambapo magari yalikuwa yakisubiri kivuko. Tulitembea, tukapiga picha. Mwenzetu wa Sengerema alihesabu saa za kusubiri kivuko utotoni mwake, akaacha.

Jumatatu: Luchelele

Lori linaondoka jioni. Asubuhi yule mzee fundi alikuja na rula yake ya kukunja, akakaa. Alikuwepo Ijumaa, alisimama nyuma ya watu, na hakusema neno siku ile. Leo alikuwa na swali moja: boti ya mbao ya mita saba, yenye injini, wavuvi wanne, inahitaji povu kiasi gani ili ikijaa maji ibaki juu na watu waishike?

Tulipiga hesabu pamoja. Mbao inajibeba yenyewe, hata ikilowa. Haibebi injini, ambayo ni kama kilo 45, wala vyombo vingine vya chuma. Mtu aliyemo majini hadi shingoni hahitaji kubebwa mwili mzima, anahitaji kilo chache tu, kadiri ya uzito wa kichwa chake. Injini, watu wanne na vyombo tukavikadiria kilo 80 majini, tukaongeza nusu yake kwa usalama. Lita 120, nyingi zikiwa tezi chini ya injini, zilizobaki omo. Mzee alipima kwa rula akaona atapoteza nafasi ya samaki chini ya benchi moja. Alifikiri kidogo. “Watakubali,” alisema, “wakiniona mimi nimeanza kwenye yangu.”

Kisha akaokota kipande cha povu, akakidondoshea petroli kutoka kwenye kidumu cha injini. Kilisinyaa na kuyeyuka mbele yetu. “Tezi petroli inamwagika kila siku,” alisema.

Yuko sahihi, na ni jambo ambalo mashindano yasiyo na injini hayakufundishi. Tulitazamana, kisha tukachukua karai. Saruji ilikuwepo, majivu yalikuwepo, na kipande cha wavu wa dagaa alitupa yeye mwenyewe. Tulikata mabonge matatu ya povu, tukayafunga kwa wavu, tukayapaka zege letu unene wa milimita tano pande zote. Mzee alishika mwiko bonge la tatu akalipaka mwenyewe, na pembe zake zilitoka nyoofu kuliko zetu.

Yako chini ya gunia bichi kibandani kwake. Atayamwagilia asubuhi na jioni mpaka Jumatatu ijayo, halafu atayamwagia petroli moja baada ya jingine na kutupigia simu.